Mfiwa Mkuu wa Mto Ruwembe

Msiniulize nchi yenyewe iko wapi. Ramani ni nyingi na kila moja ina wenyewe. Wananchi wake waliiita Jamhuri ya Shwari, na kwa kuwa ilikuwa shwari, hakuna baya lililotokea huko isipokuwa kwa kibali. Hata mvua ilipokawia, redio ya taifa ilitangaza kwamba imeahirishwa.

Katika nchi hiyo palikuwa na Kampuni ya Ngozi Nyororo, iliyotengeneza viatu, mikoba na mikanda ya kuwauzia watu wa ng'ambo. Nyuma ya kiwanda ulipita Mto Ruwembe. Kampuni ilichukua ngozi ya ng'ombe, na mto ukapewa vilivyobaki: manyoya, mafuta, vipande vya nyama iliyooza, chokaa, na dawa moja ya buluu ambayo mafundi hawakuishika bila glavu za kufika kwapani. Nisiwafiche, mto ulinuka. Ulinuka hata wapita njia wakatapika ukingoni, na pale walipotapika pakaonekana pasafi kuliko mto. Samaki wa mwisho alionekana akielea ubavu. Paka aliyemkuta alimnusa, akamfukia kwa mchanga kama paka wafanyavyo wakimaliza haja zao, akaenda zake.

Afisa wa mazingira wa kampuni hiyo aliitwa Mwinjuma. Kazi yake ilikuwa kuandika kila mwaka kitabu kizito chenye picha ya kipepeo juu na jina la "Mapenzi Yetu kwa Dunia". Kipepeo mwenyewe alipigwa picha nchi nyingine. Mwinjuma hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa mbaya tungemlaani mara moja tukaendelea na shughuli zetu.

Alizaliwa kijiji cha Chanzoni, juu mlimani, mahali Ruwembe unapozaliwa. Huko maji hutoka chini ya mawe yakiwa baridi na meupe, na hayo ndiyo yaliyokuwa maji safi pekee yaliyobaki katika bonde zima. Vijiji vya chini vilipanda mlima na ndoo kuyafuata. Mama yake, Bi Sikudhani, aliishi hapohapo jirani na chemchemi, na hakuna mtu aliyepanda mlima ule akashuka na kiu.

*

Balaa lilianzia bungeni. Siku moja baada ya chakula cha mchana, wabunge wakiwa wamelala usingizi wa pilau, sheria nzuri ilipita kwa bahati mbaya. Iliitwa Sheria ya Mito Hai, nayo ilisema kwamba yeyote atakayeuchafua mto ulio hai atausafisha kwa gharama zake mpaka samaki warudi. Wabunge walipoamka walishtuka sana, lakini Rais alikuwa ameshatia saini, maana husaini chochote kinacholetwa pamoja na chai.

Wakati huohuo wanunuzi wa ng'ambo wakaandika kwamba kuanzia sasa watanunua viatu vya kampuni zenye Tuzo ya Jani la Dhahabu peke yake, tuzo wanayopewa wale wanaoyapenda mazingira kwa dhati. Waamuzi wangekuja wenyewe kuutazama upendo huo kwa macho.

Bwana Thabiti Ulimbo, mkurugenzi mtendaji, aliitisha kikao. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyepata kumfokea mtu, kwa kuwa aliajiri watu wa kufoka kwa niaba yake. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya harufu na ubani ukafukizwa.

"Jamani," alisema, "kusafisha mto ni kazi ya mvua. Tusiingilie kazi za Mwenyezi Mungu. Nipeni njia nyingine."

Wakuu wa idara wakaitazama meza kama waliodondosha kitu. Ndipo Mwinjuma akanyoosha mkono, na laiti angekuwa ameukalia.

"Mzee, sheria inasema mto ulio hai."

"Ndivyo inavyosema."

"Wetu umekufa, mzee. Maiti haingojewi samaki warudi. Maiti huzikwa, watu wakala, wakatawanyika."

Bwana Ulimbo aliinuka, akazunguka meza yote ile ndefu, akamkumbatia Mwinjuma mbele ya watu. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini hata wao, pamoja na uhenga wao, hawakufikiria kwamba muuaji naye yumo katika kufaana huko.

Kabla ya juma kwisha Mwinjuma alikuwa Mkurugenzi wa Mazingira, Uendelevu na Mambo Mema. Alipewa nyumba ya kampuni katika mtaa wa juu, ule ambao upepo wa kiwandani haufiki. Siku ya kwanza alifungua madirisha yote, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akampigia simu mama yake kumpa habari njema.

"Mto umekufa?" Bi Sikudhani aliuliza. "Mbona asubuhi nimechota?"

"Huko ni kichwani, mama. Umekufa huku chini."

"Mtu anayepumua hajafa, mwanangu. Huyo anaumwa. Nani anamuuguza?"

"Mama, haya ni mambo ya kisheria. Ila huko kwenu hakitaguswa kitu, nakuapia."

"Haya. Umeapa mwenyewe, mimi sikukuapisha."

*

Serikali ya Shwari haizembei katika mambo ya vifo. Wizara ya Mito na Madimbwi ilimtuma daktari, akaja na koti jeupe, akaweka kipimo chake cha moyo juu ya maji, akasikiliza kwa uso wa majonzi. Alipokitoa, kile kipimo kilikuwa kimelainika kama ugali wa moto, akakitupa kichakani. Aliandika kwamba marehemu alifariki kwa uzee, akichangiwa na huzuni ya kuachwa na samaki wake. Hakuna aliyehusika.

Mwinjuma ndiye aliyepanga mazishi. Alijua kwamba waamuzi wa ng'ambo wanapenda mila kuliko wanavyopenda chakula, hivyo alipendekeza kwamba marehemu azikwe kwa kufuata mila zote za Shwari bila kuacha hata moja. Kampuni ya Ngozi Nyororo, iliyoishi na marehemu kwa karibu kuliko mtu yeyote, ingekuwa mfiwa mkuu. Hilo lilikuwa na faida yake, maana katika nchi ile mwenye msiba hatozwi kodi mpaka arobaini ipite, na Wizara ilikuwa imeshatamka kwamba arobaini ya mto huhesabiwa kwa miaka.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Salala, alikuja kiwandani kuupitisha mpango huo. Aliukubali wote, akaupa nguvu ya amri ya serikali. Alipokuwa anafunika kalamu ndipo akauliza:

"Marehemu anazikwa wapi?"

"Hapahapa, Mheshimiwa," alisema Mwinjuma. "Nyuma ya kiwanda."

Waziri alivua miwani. "Nyuma ya kiwanda? Mtu mzima na heshima zake azikwe ugenini kama aliyeokotwa barabarani? Kwetu mtu huzikwa kwao. Kwao ni wapi?"

Mwinjuma aliinamia karatasi zake. Bwana Ulimbo akajibu kwa upole, tena upesi, kama mtu aliyekuwa akilingojea swali lenyewe. "Chanzoni, Mheshimiwa. Juu mlimani. Ndiko alikozaliwa."

"Basi kaburi liwe palepale alipotokea. Na lijengewe zege nene, fisi wasije wakamfukua."

"Mheshimiwa," Mwinjuma alisema, "pale watu wanachota maji."

"Wanachota kwa marehemu?" Waziri alishangaa kweli. "Huo ni uporaji wa mirathi!"

Bwana Ulimbo akamwekea Mwinjuma mkono begani, mkono laini uliopakwa mafuta ya waridi. "Mila zote, bila kuacha hata moja. Umeandika mwenyewe, Mwinjuma. Tena umeandika vizuri sana."

Mwinjuma angeweza kupanda mlima siku hiyohiyo akamwambia mama yake. Hakwenda. Alimtumia sukari.

*

Siku ya mazishi ilikuwa sikukuu ya taifa. Bendera zilipepea nusu mlingoti, na wanafunzi wakapewa fulana zenye picha ya mto enzi za ujana wake, zilizoshonwa kwa wingi hata nyingine zikatumiwa kufutia viti vya wageni. Waombolezaji walitoka Idara ya Masoko. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa juma zima, na mkuu wao alisimama mbele akiwaongoza kwa fimbo: sauti ya kwanza inalia, sauti ya pili ina kwikwi, sauti ya tatu inaanguka na kushikwa.

Jeneza lilikuwa la mninga safi, refu, lililowekwa bati kwa ndani na kujazwa maji ya Ruwembe yaliyotekwa palepale penye bomba la kiwanda. Walilibeba vijana wenye barakoa na buti za mpira. Jeneza lilivuja. Kila tone lililodondoka njiani lilikunja majani, na katikati ya mlima kijana mmoja alitapika ndani ya barakoa yake, akaendelea kubeba, kwa kuwa waamuzi watatu wa ng'ambo walikuwa nyuma yake wakipiga picha. Harufu ilipanda mlima pamoja na msafara. Ilikuwa harufu ya mzoga uliopikwa kwa sabuni, na Chanzoni, ambako upepo ulizoea kunuka mvua na majani, mbuzi walikata kamba wakakimbia.

Penye chemchemi mawe yalikuwa yameshaondolewa na shimo kupanuliwa. Maji yalikuwa yakitoka bado, meupe, yakijaa shimoni na kumwagikia bondeni, yasijue kwamba yameshafiwa na nafsi yao. Kando yake yalisimama magari mawili ya zege, mapipa yakizunguka.

Bwana Ulimbo akapanda jukwaani kusoma wasifu wa marehemu.

"Ndugu waombolezaji, marehemu alikuwa mvumilivu. Miaka yote tuliyoishi naye hatukupata kumsikia akikataa kitu. Tulimpa manyoya, akapokea. Tulimpa chokaa, akapokea. Tulimpa mambo ambayo hata sisi wenyewe hatuyajui majina, akapokea na kwenda nayo zake kimyakimya. Nani kati yetu ana moyo huo? Kampuni yenu haitamsahau. Kila jozi ya viatu itakayouzwa itakuwa na utepe mweusi."

Wageni walipangusa macho. Wenye huzuni na wenye kuwashwa na mvuke wa dawa walifanana, na kamera haikuwabagua.

Waziri akamshukuru mfiwa mkuu kwa mfano wa kuigwa. Alisema mito mingine mingi imeshaanza kuonyesha dalili za uzee, na kampuni nyingine zijiandae kufiwa.

*

Hapo sasa lazima niwaeleze jambo ambalo Mwinjuma, mtoto wa Chanzoni, alilisahau alipoandika "mila zote". Watu wa Chanzoni na Mto Ruwembe ni watani. Ni watani tangu mababu wa mababu. Mto ukifurika na kuchukua kuku wao, walisimama ukingoni wakautukana kwa kicheko. Ukipungua kiangazi, waliusimanga kwa uvivu. Na kote Shwari mtani msibani ni mfalme. Wengine wakilia, yeye hucheka. Humuiga marehemu mbele ya wafiwa. Akitaka, hushuka kaburini akalala, na maiti haishuki mpaka apewe anachokitaka. Kumkasirikia ni mwiko, kumtoa kwa nguvu ni laana. Lakini naye ana sharti lake: akishapewa alichokitaja, hana la kuongeza. Hutoka, na mazishi yakaendelea.

Jeneza lilipokaribia shimo, wanawake wa Chanzoni wakajitokeza wakipiga vigelegele. Mmoja alikuwa amefunga mto wa kulalia tumboni na kujitia tai ya jani la mgomba. "Jamani," alisema kwa sauti laini ya Bwana Ulimbo, "nimelia mpaka nimenenepa!" Mwingine alinusa jeneza, akaruka nyuma. "Marehemu kajamba! Mwambieni aombe radhi kwa wageni!" Umati ukavunjika mbavu. Hata wabeba jeneza walicheka, barakoa zikawasogea, wakajuta. Waamuzi walitafsiriwa kila neno, wakafurahi mno. Walisema hawajapata kuona mila hai kiasi hicho.

Kisha Bi Sikudhani akafunga kanga yake kibwebwe, akashuka shimoni, akaketi ndani ya chemchemi, maji yakamfika kifuani.

"Mtani nimeingia kaburini," alisema. "Sitoki."

Mwinjuma alikimbia ukingoni, akainama. "Mama, tafadhali, toka."

"Leo mimi si mama yako. Leo mimi ni mtani wa marehemu, na wewe ni mtu wa kampuni. Niulizeni ninachotaka."

Kampuni ilifurahi, kwa sababu zawadi ndiyo lugha iliyoijua vizuri kuliko zote. Waliteremsha fulana. Alizitazama tu. Wakaleta ndoo mpya na sabuni, wakaleta viatu vyekundu vyenye utepe mweusi, mwisho wakaleta tenki kubwa la plastiki lenye nembo ya kampuni.

"Tenki la kuwekea nini?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Basi taja mwenyewe, bibi yetu," alisema Waziri, akitazama saa.

"Kwetu mfiwa mkuu huogeshwa siku ya mazishi kwa maji ya mto. Si ndivyo, enyi watu?"

"Ndivyo!" waliitikia watu wa mlimani, maana ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

"Na mto si huyo mliyembeba? Mfunueni. Mfiwa mkuu aingie aoge, kichwani mpaka miguuni, watu waone. Akishaoga natoka, mnizike na huyo marehemu wenu hata leo hii."

Kicheko kikakatika. Ungeweza kusikia mapipa ya zege yakizunguka, na jeneza likitona. Bi Sikudhani alikuwa akitabasamu huku midomo yake ikitetemeka kwa baridi. Alijua alichofanya. Watu wale walikuwa na uwezo wa kununua kila kitu katika Shwari, isipokuwa kitu kimoja: hapakuwa na hata mmoja wao ambaye angethubutu kutia kidole katika maji aliyoyamwaga mwenyewe. Kwa kuwa hawangeoga, hangetoka. Kwa kuwa hangetoka, zege lisingemwagwa. Kwa kuwa amri ilikuwa ya serikali na wageni walikuwa wanatazama, hakuna askari ambaye angemgusa. Mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho, na kwa kitambo kidogo pale mlimani, niseme kweli, haki ilikuwa imekaa majini na kanga yake.

Waamuzi walinong'onezana. Mkubwa wao akasema mila hiyo ni nzuri mno, na kama mfiwa mkuu ni wa kweli wangependa kumuona akioga.

Wote wakamgeukia Bwana Ulimbo. Bwana Ulimbo alilitazama jeneza. Kifuniko kilikuwa kimeondolewa, na ndani yake maji yalikuwa mazito, ya buluu iliyochanganyika na kijivu, yakiwa na utando wa mafuta juu na manyoya yaliyogandamana katika mapande. Kipande cha sikio la ng'ombe kilikuwa kikielea pembeni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Bwana Ulimbo aliziba pua hadharani, kisha akakumbuka kamera akajifanya anafuta chozi.

"Ndugu zangu," alisema, "mila tunaiheshimu. Lakini mfiwa mkuu si mimi. Mfiwa mkuu ni kampuni. Kampuni ni mtu kwa mujibu wa sheria, ila Mungu hakuijalia mwili. Kwa hiyo itabidi iazime mwili wa mmoja wetu."

Wakuu wa idara walirudi nyuma. Yule wa Masoko alizimia mapema, asije akaombwa. Na ule mkono wenye mafuta ya waridi ukatua mgongoni kwa Mwinjuma, pole kabisa, hata hungesema kwamba unasukuma.

"Ni wewe uliyetuletea mila, mwanangu," alisema Bwana Ulimbo. "Ile nyumba ya mtaa wa juu nilikuwa nafikiria kukuandikia iwe yako kabisa."

Alitakiwa kusema neno moja. Lilikuwa neno fupi, watoto hulisema kabla hawajajua kutembea. Mwinjuma alimtazama mama yake. Yeye hakuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa kwa Bwana Ulimbo na kwa wale wakuu, akiwahesabu mmoja mmoja jinsi walivyokuwa wanakataa, na furaha yake ikizidi. Mwanawe hakumtia katika hesabu hiyo hata kidogo.

Mwinjuma akafikiria madirisha ya nyumba ile na hewa iliyoingia. Akavua koti, akalikunja vizuri kwa mistari yake, akaliweka juu ya kiti. Akavua viatu vya kampuni. Kisha akaingia katika jeneza mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa hai, akalala.

Maji yalimfunika. Alipoibuka alikuwa na manyoya mdomoni, na utando wa mafuta ulimshuka usoni pole pole kama uji unaomwagikia chungu. Alipaliwa, akatema, akapaliwa tena. Ngozi yake ilianza kuwaka, kwanza kwenye kope, halafu makwapani, halafu kote. Alitaka kupiga kelele, lakini kufungua mdomo kulikuwa kubaya kuliko kuungua. Waombolezaji wa Masoko wakaanza tena sauti zote tatu. Waziri akapiga makofi. Waamuzi wakapiga makofi wakiwa wamesimama, na mmoja wao alilia kwa dhati kabisa, akisema hajapata kuona kampuni ikijitoa namna hiyo. Na mimi ninayesimulia nasema: afadhali wangetapika.

Bi Sikudhani aliacha kutabasamu. Alikaa kidogo ndani ya maji yake, akiyachezea kwa vidole. Kisha akainuka, kwa kuwa mtani akishapewa alichokitaja hana la kuongeza. Wanawake wenzake wakamshika mkono kumtoa shimoni.

"Nilijua katika kampuni yao hakuna mtu atakayekubali kuoga uchafu ule," aliwaambia. "Nilisahau kwamba mmoja nilimzaa mimi."

Wakaondoka. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nyuma yao jeneza lilimiminwa ndani ya chemchemi, maji machafu yakakutana na meupe, na machafu hayakuchelewa kushinda. Halafu magari yakarudi nyuma, vidomo vikafunguliwa, na zege likaanza kushuka. Mpiga picha wa Wizara alisema hakupata picha nzuri, akaomba limwagwe tena.

*

Tuzo ya Jani la Dhahabu ilitolewa mwaka huo bila mshindani. Mwinjuma hakuweza kuhudhuria kwa sababu alikuwa hospitalini, akibanduka. Ngozi ilimtoka kwa vipande vipana, mikononi, shingoni, mgongoni, na muuguzi alivikusanya kwenye beseni huku akitazama pembeni. Bwana Ulimbo alimtumia kadi ya pole yenye kipepeo. Waziri alimtaja katika hotuba kuwa ni raia aliyeyapenda mazingira mpaka mwilini.

Vijiji vya chini vilihama kimoja kimoja. Wengine walikwenda mjini, wengine hawajulikani walikokwenda, na redio ya taifa ilisema wamesafiri. Chanzoni walibaki wazee wachache. Ndipo ilipofahamika kwamba kaburi lile la zege halikuwa zege tupu. Mafundi walikuwa wameacha bomba ndani yake, likatokea upande wa pili wa mlima, ambako kampuni ilikuwa imeshajenga kiwanda kingine, kidogo, safi, chenye maua mlangoni. Maji ya chemchemi yalisukumwa nje mpaka uchafu wa jeneza ukaisha, yakatiwa katika chupa zenye utepe mweusi, yakauzwa nchi nzima kwa jina la Rambirambi.

Mwinjuma alipopata nafuu alipanda mlima. Hakuna aliyemtuma na hakujua anachokwenda kusema. Alivaa glavu za pamba juu ya viganja vyake vipya, vyekundu, na njia nzima hakukutana na mtu mwenye ndoo.

"Hodi," aliita mlangoni.

"Karibu," ilijibu sauti ya mama yake.

Bi Sikudhani alimtandikia mkeka, akamkaribisha kwa mikono miwili. Hakumkasirikia wala hakumlilia. Aliinama uvunguni, akatoa chupa ya Rambirambi ambayo haijafunguliwa, akaiweka juu ya sinia, na sinia mbele yake, kama awekewavyo mtu aliyetoka mbali.

"Karibu maji, mgeni wetu. Utuwie radhi, huku kwetu hatuna mengine."

Mwinjuma aliipokea chupa. Kifuniko kilimshinda, viganja vilikuwa bado havijashupaa. Mama yake akaichukua, akamfungulia, akamrudishia, akaketi kwenye kigoda kumwangalia anywe.

"Huko utokako hawajambo wote?" aliuliza. "Mama yako mzima?"

Kiu ilikuwa imemzidi. Mwinjuma alikunywa kwanza, akaimaliza chupa yote, akapangusa mdomo kwa glavu, ndipo akasema kwamba ni mzima.